Kuteleza si Kuanguka: Jinsi ya Kuudanganya Mlima Wakati wa Kiangazi

Sogea karibu nikunong'oneze. Wewe ni mwendesha baiskeli wa Jumapili. Wiki nzima umekaa kwenye kiti cha ofisi, na jana usiku nyama choma ilikuweka hadi saa sita. Yuko mwenzenu mmoja, yule mwembamba, anayezikata kona za vumbi kama swala. Wewe ukifika kwenye kona hizo hizo unashika breki zote mbili, unashusha mguu mmoja chini, na moyo unakupiga kama ngoma ya arusi. Huna miaka mitatu ya kufanya mazoezi. Unataka Jumapili ijayo watu wakuone unaweza.

Sikulaumu hata kidogo. Kupenda kuonekana ni sehemu ya ubinadamu, na mtu akinijia na haja hiyo ninamhudumia kwa moyo wote. Njia ya mkato ipo, tena ya halali. Iko chini kabisa ya baiskeli yako, pale mpira unapogusana na ardhi. Ni vipande viwili tu vya mpira, kila kimoja kidogo kuliko kiganja chako. Ukipanda, ukishuka, ukikata kona au ukifunga breki, yote yanapitia hapo. Badilisha viganja hivyo viwili na mlima utadhani amekuja mtu mwingine.

Tena usione haya, maana mchezo wenyewe wa baiskeli za mlimani ulizaliwa vumbini, mikononi mwa watu waliokuwa wakibahatisha. Mwaka 1976 vijana wa Marin County, California, walianza kushindana kuteremka njia moja ya vumbi karibu na mji wa Fairfax. Baiskeli zao zilikuwa kuukuu, nzito, na nyingi zilikuwa na breki moja tu iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Breki hiyo ilipata moto kiasi kwamba grisi iliungua ikatoka moshi, na mtu akifika chini alilazimika kufungua kitovu na kukijaza grisi upya. Ndiyo maana njia ile ikaitwa Repack. Wakati huo hapakuwa na mwalimu wa mchezo huo popote. Palikuwa na tairi nene. Nasi tuanzie hapo hapo.

Hatua ya 1: Piga teke ardhi kabla ya kufungua pochi

Vua miwani yako ya mbio, shuka kwenye baiskeli, kisha kwaruza ardhi kwa kisigino cha kiatu. Kuna majibu matatu tu.

Jibu la kwanza: kiatu hakichimbi kitu. Ardhi imekauka ikawa kama sakafu. Ndivyo zilivyo njia nyingi za Msitu wa Karura jijini Nairobi mvua zikishapita: udongo mwekundu ulioshindiliwa na maelfu ya miguu, na majani machache makavu juu yake. (Ukipita pale mshukuru Wangari Maathai kimoyomoyo, kwani bila watu kama yeye kusimama mwaka 1999 mbele ya wanyakuzi, leo ungekuwa unakata kona kati ya kuta za majumba.)

Jibu la pili: kiatu kinasukuma vumbi na vijiwe, na chini yake kuna ardhi ngumu. Hii ndiyo ardhi ya kiangazi hasa, na ndiyo inayoangusha watu. Utaikuta kwenye milima ya Ngong, na utaikuta Hell's Gate kule Naivasha, hifadhi ambayo unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya twiga na pundamilia. Vijiwe vile hufanya kazi ya gololi. Tairi linaketi juu ya gololi, gololi zinaketi juu ya sakafu, nawe unaketi juu ya yote hayo.

Jibu la tatu: kiatu kinazama. Huo ni mchanga wa korongo lililokauka au vumbi laini kama unga wa ngano. Hapo meno ya tairi hayana kazi kubwa. Kinachokuokoa ni upana.

Sasa jiulize: ni jibu lipi unalokutana nalo kwa zaidi ya nusu ya njia yako? Nunua tairi la jibu hilo, usinunue la picha iliyokuvutia dukani. Kama hujui, chagua jibu la pili. Kiangazi cha huku kwetu kwa kawaida kitakupa haki.

Hatua ya 2: Yakatae matairi yenye sura ya simba

Utaingia dukani na jicho litakwenda moja kwa moja kwenye tairi lenye meno marefu, yaliyoachana, ya kutisha. Litakuambia: ninunue, wenzako watakuogopa. Pita. Tairi hilo ni la matope. Meno yake yameachanishwa ili tope lipate pa kudondokea, na yamerefushwa ili yazame kwenye udongo laini. Kwenye ardhi kavu hakuna pa kuzama. Meno marefu yanasimama juu ya sakafu kama mtu aliyevaa viatu vya visigino virefu, na ukilalia kona yanapinda. Unasikia tairi linacheza chini yako, unadhani ni woga wako, kumbe ni meno.

Kuwa macho zaidi ukinunua baiskeli ya mtumba. Nyingi zimetoka nchi za baridi na mvua, zimekuja na matairi ya huko, na mengine yamekaa ghalani miaka. Fanya kipimo cha sekunde 5: toa upepo kidogo, kisha ukunje ubavu wa tairi kwa vidole gumba viwili. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama za kisigino cha mkulima, mpira umekauka. Meno yanaweza kuwa bado marefu kabisa na tairi likawa limekufa. Piga bei ya baiskeli kana kwamba haina matairi, kisha kanunue mengine.

Hatua ya 3: Mbele nunua mshiko, nyuma nunua mbio

Hili ndilo la kukumbuka hata ukisahau mengine yote. Wauzaji wanapenda kukupa matairi mawili yanayofanana kwa sababu yanapendeza kama viatu. Kataa. Gurudumu la mbele na la nyuma hayafanyi kazi moja.

Tairi la nyuma likiteleza, baiskeli inatikisa mkia, vumbi linaruka, wewe unarudi kwenye mstari, na anayekutazama nyuma anasema, "Loo, huyu anajua!" Tairi la mbele likiteleza, huna hata muda wa kusema kitu. Umeshalala chini, bega kwanza. Wahenga waliposema kuteleza si kuanguka, walikuwa wanazungumzia gurudumu la nyuma. Kwa gurudumu la mbele, kuteleza na kuanguka ni neno moja.

Kwa hiyo fedha yako yote ya mshiko ipeleke mbele: tairi pana zaidi, lenye mpira laini zaidi, lenye meno ya pembeni yaliyo imara zaidi. Nyuma weka tairi lenye meno mafupi, yaliyokaribiana, linalobingirika kwa urahisi. Nyuma ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya uzito wako na nguvu yote ya miguu yako, hivyo ukipunguza mzigo wa kubingirika huko, miguu itakushukuru kwenye kila mlima. Ukipanda utaonekana una nguvu, na ukishuka utaonekana una ujasiri. Vyote viwili umevinunua, na hakuna atakayejua.

Hatua ya 4: Jifunze kusoma meno kwa dakika mbili

Shika tairi, ligeuze likutazame uso kwa uso, ulisome kama unavyosoma kiganja.

Katikati: unataka meno mafupi na yaliyokaribiana, kwa sababu hapo ndipo unapokaa ukiwa unakwenda moja kwa moja. Meno yanayoanza kwa mteremko upande wa mbele hupanda vijiwe bila kugongagonga. Ukiweka sikio utasikia tofauti: tairi zuri la kiangazi linavuma kwa sauti ndogo, la matope linanguruma.

Pembeni: hapa usibanie. Meno ya pembeni yawe makubwa, yenye kitako kipana, yasiyopinda ukiyasukuma kwa kidole gumba. Hayo ndiyo yanayochimba vumbi unapolaza baiskeli kwenye kona.

Kati ya katikati na pembeni: hapa ndipo wengi wanapoumia. Baadhi ya matairi yana mfereji mtupu kati ya meno ya katikati na ya pembeni. Mwendeshaji hodari anaupenda, maana anailaza baiskeli haraka mpaka meno ya pembeni yashike. Wewe na mimi tunailaza kwa kusitasita. Tukifika kwenye mfereji ule, kwa kitambo kidogo hakuna kinachoshika kitu, tunashtuka, tunabana breki, na hadithi inaishia hapo. Tafuta tairi lililojaza mfereji huo kwa meno madogo. Hilo linakusamehe ukisitasita.

Mwisho, tazama ubavuni kama kuna mshale mdogo unaoonyesha mwelekeo wa kuzunguka. Ufuate. Fundi mwenye haraka huweza kulifunga kinyume, na yule mwembamba wenu ana macho makali ya mambo hayo.

Hatua ya 5: Ongeza upana, lakini pima kwanza

Ubavuni mwa tairi kuna namba kama 29 × 2.35. Ya kwanza ni kimo cha gurudumu kwa inchi, ya pili ni upana. Kwa vumbi la kawaida, upana wa 2.3 hadi 2.4 mbele na 2.2 hadi 2.35 nyuma unamtosha mtu wa Jumapili. Kama njia yako ina mchanga mwingi, nenda upande wa juu wa namba hizo.

Yupo atakayekuambia tairi jembamba lina mbio zaidi. Mwache aende nalo lami. Kwenye ardhi yenye vijiwe, tairi pana linakuruhusu upunguze upepo bila kugonga rimu, na tutaona kwenye hatua ya 7 kwamba huko ndiko siri ilikolala. Ila kabla hujalipa, ingiza vidole kati ya tairi na fremu, chini karibu na mnyororo na juu kwenye uma wa mbele. Pasipobaki nafasi ya kidole kila upande, kijiwe kimoja kikinasa hapo kitakula rangi, halafu kitakula fremu yenyewe.

Hatua ya 6: Mpira laini uende mbele, mgumu uende nyuma

Watengenezaji hupima ugumu wa mpira kwa kipimo kiitwacho Shore A. Kwenye matairi ya mlimani, mpira wa 42 ni laini kama kifutio cha penseli na unang'ang'ania jiwe. Mpira wa 60 ni mgumu, unadumu na unabingirika vizuri, lakini juu ya mwamba unateleza haraka zaidi. Matairi mengi ya kisasa huchanganya: mpira mgumu chini ya jino, laini juu yake au pembeni.

Wewe huna haja ya kukariri namba. Bonyeza jino kwa ukucha. Likibonyea na kurudi polepole, ni laini: la mbele. Likirudi mara moja, ni gumu: la nyuma, ambako breki na mnyororo vingelila jino laini ukabaki na kipara kabla mvua za vuli hazijanyesha.

Mpo pia watu wa majabali, mnaopita kwenye mawe yenye ncha. Ninyi tazameni hesabu ya nyuzi kwa inchi kwenye kitambaa cha ndani ya tairi. Nyuzi 120 ni nyembamba, tairi linakuwa jepesi na linajikunja vizuri juu ya vijiwe. Nyuzi 60 ni nene, tairi linakuwa zito lakini ubavu wake hauchaniki upesi. Chukua la 60 kwa gurudumu la nyuma na ulale usingizi.

Hatua ya 7: Njia ya mkato ya bure

Umefika penyewe. Kila kitu nilichokutajia mpaka sasa kinagharimu fedha. Hiki hakigharimu hata senti, ndicho chenye nguvu kuliko vyote, na ningekuwa na dakika moja tu ya kuzungumza nawe ningekuambia hiki pekee: toa upepo.

Mpelekee fundi wa mtaani baiskeli yako naye atajaza tairi mpaka lilie kama ngoma ukiligonga. Si kosa lake. Kazi yake ya kila siku ni baiskeli zinazobeba magunia ya mkaa na kreti za soda, na kwa mzigo huo tairi gumu ndilo sahihi. Wewe hubebi mkaa. Umebeba nafsi yako na chupa ya maji. Tairi gumu juu ya vijiwe linaruka. Kila kijiwe kinakurusha juu pamoja na baiskeli, na nguvu uliyoitoa kwa miguu inapotelea hewani. Tairi lenye upepo wa kiasi linakimeza kijiwe, linakaa chini, linashika, na linasonga mbele. Kwenye ardhi mbovu tairi laini kidogo ndilo lenye mbio, na ndilo lenye mshiko pia. Ni nadra duniani kupewa vyote viwili bure.

Wala huu si uzushi wa juzi. John Boyd Dunlop alipotia upepo kwenye matairi kule Belfast mwishoni mwa miaka ya 1880, alikuwa anamtengenezea mwanawe baiskeli ya miguu mitatu isiyomrusharusha juu ya mawe ya barabarani. Upepo uliingia kwenye tairi ili uwe mto. Anayeujaza mpaka tairi liwe jiwe amerudisha mambo kabla ya Dunlop.

Nunua geji ya kupima upepo wa tairi kwa psi. Hata ya bei ndogo inafaa mradi utumie hiyo hiyo kila siku. Anza hivi: ukiwa na kilo kama 70, na matairi ya upana wa 2.3 yasiyo na tyubu, weka psi 22 mbele na 25 nyuma. Kama una tyubu ndani, ongeza 4 au 5 kila upande. Kwa kila kilo 5 ulizozidi, ongeza psi 1. Kwa kila kilo 5 ulizopungukiwa, punguza 1. Nyuma daima pawe juu kuliko mbele.

Kisha tafuta njia fupi yenye mzizi mmoja, jiwe moja na kona moja. Ipite mara kadhaa. Baiskeli ikirukaruka na mbele kukipepea kwenye kona, toa psi 1. Ukisikia rimu imegonga jiwe, au tairi likijikunja na kuyumba ukiwa umelaza baiskeli, ongeza 2. Utafika mahali ambapo kila kitu kinatulia kwa ghafla, kama redio iliyopata stesheni. Andika namba hiyo kwenye karatasi, uibandike chini ya tandiko.

Na mambo mawili ya kukumbuka. Upepo hutanuka kwa joto: kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazopanda huongeza psi 1 na kidogo. Ukijaza alfajiri penye baridi kisha baiskeli ikaota jua mpaka saa sita, namba yako si ile tena. Pima mahali pa kuanzia, usipimie nyumbani. La pili ni kwa wasafiri. Ukijaza tairi Mombasa, usawa wa bahari, kisha ukalipandisha mpaka Nairobi, hewa ya nje inakuwa nyepesi, na hata joto likiwa lile lile geji itakuonyesha psi 2 na nusu hivi zaidi. Hakuna aliyekuongezea. Toa tu.

Hatua ya 8: Fanya amani na miiba

Kiangazi cha Afrika Mashariki kina adui wawili. Mgunga unadondosha miiba mirefu, migumu na myeupe, inayopita kwenye tairi kama sindano kwenye kanga. Mbigili unatambaa chini, mdogo, hauonekani, na punje zake zimeumbwa kwa ustadi: zikianguka kwa upande wowote, mwiba mmoja huangalia juu. Unaweza kuchagua tairi bora la duniani, ukalijaza kwa namba iliyo sahihi, na mbigili mmoja ukafuta hesabu zote.

Dawa bora ni tairi la tyublesi, lisilo na tyubu, lenye maji ya kuziba pancha ndani. Mwiba ukiingia, maji yale yanakimbilia tundu na kuganda, nawe husikii chochote ila "tsss" fupi. Mililita 90 hadi 120 zinatosha tairi moja la 29. Lakini kumbuka ni kiangazi: joto linayakausha. Kila baada ya miezi miwili au mitatu tikisa gurudumu karibu na sikio. Usiposikia mchapo wa maji, ongeza. Wengi walioapa kwamba tyublesi haifai walikuwa wanabeba maji yaliyokauka zamani.

Ukiukuta mwiba umesimama kwenye tairi la tyublesi, usiung'oe njiani. Uache pale pale. Unaziba tundu ulilolitoboa wenyewe, basi na uendelee kufanya kazi mpaka nyumbani.

Kama bado una tyubu, usijisikie duni. Tembea na tyubu moja ya akiba, viraka, gundi na pampu. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole ndani ya tairi polepole, duara zima, uutafute mwiba. Pancha ya pili, dakika 10 baada ya ya kwanza, karibu kila mara ni mwiba ule ule. Ukikuta matundu mawili pacha kama ya meno ya nyoka, hakuna mwiba wa kutafuta: rimu imeibana tyubu juu ya jiwe, upepo ulikuwa mdogo mno. Rudi hatua ya 7. Na ikiisha akiba yote ukiwa mbali na watu, kata tyubu pale ilipotoboka, funga fundo imara, irudishe na ujaze. Ama jaza tairi majani makavu mpaka likakamae. Utafika nyumbani ukiyumba, lakini utafika umepanda.

Na siri ya mwisho ya miiba: usipumzike chini ya mgunga. Kivuli chake ni kitamu, ndiyo maana mtego ukawekwa pale. Ukikitaka sana, inyanyue baiskeli begani uibebe mpaka kivulini. Watu watadhani unafanya mazoezi.

Hatua ya 9: Rithisha, usitupe

Tairi la nyuma ndilo linaloisha kwanza. Likianza kipara, usinunue jipya la nyuma. Lichukue lile la mbele, ambalo bado lina meno, ulipeleke nyuma, na fedha yako ununulie jipya la mbele. Hivyo tairi jipya siku zote liko pale ambapo kuteleza ni kuanguka, na la zamani linamalizia uzee wake pale ambapo kuteleza ni maonyesho.

Hata lililokwisha kabisa halijaisha. Kule Goma, Kongo, vijana wanaosukuma chukudu, ile mikokoteni ya mbao yenye magurudumu mawili, huyavalisha magurudumu yao vipande vya matairi ya zamani yapate kushika barabara. Tyubu iliyochoka ukiikata vipande virefu unapata mpira wa kufungia mzigo kwenye keria. Na kipande cha tairi kuukuu ubebe kwenye mfuko wa zana: ubavu ukichanika njiani, kiweke ndani kati ya tyubu na mchano, ujaze upepo, uende zako.

Hatua ya 10: Beba uongo wako kwa heshima

Sasa una tairi, una namba, una geji. Imebaki kona yenyewe. Funga breki kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, kisha ziachie. Ukizibana katikati ya kona unaliomba tairi lifanye kazi mbili kwa mshiko wa kazi moja, nalo litakataa. Laza baiskeli kuliko unavyolaza mwili wako, ili meno ya pembeni yaguse chini. Macho yapeleke pale unapotaka kutokea, yasibaki kwenye lile jiwe linalokutisha. Mkia ukiteleza, uache uteleze. Umeshaununulia ruhusa hiyo kwenye hatua ya 3.

Fanya hivi Jumapili nne au tano, na nikuambie kitakachotokea, kwa sababu nimekiona kwa watu wengi ninaowapenda. Mkono utaacha kubana breki, kwa kuwa tairi la mbele halijakuangusha. Kwa kuwa hubani, utaanza kutazama mbali. Kwa kuwa unatazama mbali, utaichagua njia mapema. Siku moja utapita kona ile iliyokuwa ikikushusha mguu, na utakumbuka umeipita ukiwa tayari mita 100 mbele. Ulikuwa umekuja kuudanganya mlima, nao umekufundisha bila kukuambia.

Siku hiyo hiyo, au ile inayofuata, mtakapopumzika juani (si chini ya mgunga), yule mwembamba atasogea kama anayetafuta kitu kingine. Atainama, ataliminya tairi lako la mbele kwa kidole gumba, ataliminya tena, kisha atauliza kwa sauti ya chini, "Wewe, mbele umeweka ngapi?"

Usimfiche. Mwambie: ishirini na mbili. Kisha mpe geji.